Hongera ya Nyokabi

Nyokabi alipoingia saluni ya Jackie kule Westlands, Alhamisi moja ya Aprili mwaka wa 2006, Peres alikuwa ameinama akifagia nywele sakafuni. Hakuhitaji kuinua kichwa ndipo amjue. Kicheko kile alikisikia kikipanda ngazi, na ufagio ukasimama wenyewe.

"Ai! Mama Ivyne! Kumbe uko huku?"

Peres, ndiye Mama Ivyne, akanyooka, akatabasamu. Tabasamu hilo alikuwa ameliweka akiba mwaka mzima, na lilitoka bila mkunjo hata mmoja. Alilokuwa akisema moyoni siwezi kuliandika hapa, maana Peres alikuwa mwimbaji wa kwaya.

"Niko, Nyokabi. Karibu kiti."

Tusimpake mafuta. Peres hakuwa mtu mbaya, lakini siku ile alitaka kumwumiza mwenzake, na alitaka sana. Kama hakuna mtu aliyewahi kukunyang'anya kitu chako huku akikuchekea, mshukuru Mungu wako. Kama yupo, tutaelewana.

Kitu chenyewe kilikuwa kiti. Peres alisuka nywele miaka saba Kenyatta Market, ndani ya kibanda cha Mkamba mmoja aitwaye Makau aliyekodisha viti sita. Kiti cha mlangoni kilikuwa cha Peres. Hapo ndipo penye mwanga, na mteja akipita unamshika mkono kabla hajafika kwa jirani. Kiti cha mwisho kabisa kule nyuma, karibu na choo, kilikuwa cha Nyokabi. Huko mteja alifika akiwa amepotea njia.

Walikuwa marafiki. Jumatatu asubuhi, soko likiwa limelala, walisukana wao kwa wao, kwa sababu msusi hajisuki. Ndiyo maana Peres alikijua kichwa cha Nyokabi kuliko mama aliyemzaa. Alijua nyuma nywele ni nzito na kaidi, na alijua mbele, juu ya paji la uso, ni laini kama za mtoto mchanga na haziwezi kubeba uzito.

Sifa ya Peres sokoni ilikuwa ukweli. Mteja angekuja na picha aliyoikata gazetini, anataka afanane na yule mrembo. Peres angegawa nywele zake kwa kitana, azitazame mpaka kwenye ngozi, kisha amwambie wazi: "Hii hapa inaweza, hii hapa haiwezi. Tusuke kichwa ulicho nacho." Wengine walinuna. Wengi walirudi.

Basi mwezi wa pili mwaka wa 2005 mama yake akaugua kule Siaya. Peres akaondoka akidhani ni wiki mbili, zikawa kumi. Wiki ya pili alipiga simu sokoni. Simu ya Makau ilikuwa imezama kwenye beseni la maji moto ya kuchovya ncha za nywele, kwa hiyo akampigia Mwaura, mchoma nyama wa kibanda cha pili. "Mwambie Makau hivi," akasema, "Ogutu atakuja kulipia mahali yangu." Mwaura akasema sawa, ameshika.

Ogutu ni binamu yake, fundi wa magari Kangemi. Mwisho wa mwezi alikwenda sokoni kama alivyoahidi, na jioni akampigia Peres hospitalini. "Nimekuta Nyokabi amekaa pale. Anasema hapo ni pake sasa." Peres alikuwa ameshika kikombe cha uji cha mgonjwa. Hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu aliye mbali namna ile.

Mama alizikwa Jumamosi. Jumatatu Peres akashuka Nairobi na udongo wa kaburi ungali kwenye viatu, akaenda sokoni moja kwa moja. Nyokabi alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, Makau amesimama kando yake. Nyokabi alipomwona aliruka, akafungua mikono.

"Mama Ivyne! Hongera! Hongera sana!"

Hongera. Mtu ametoka kumzika mama yake, amekuta mahali pake pamekaliwa, anaambiwa hongera. Peres alimtazama, akamtazama Makau aliyekuwa akicheka kama mtu mwenye habari njema, akageuka akaenda zake. Hakuchukua hata kitana chake. Walimwita, hakugeuka.

Tangu siku hiyo neno hongera lilimkaa kooni. Alipata kazi kwa Jackie, kazi ya kusimama kutwa nyuma ya kiti cha mwenye saluni, akiambiwa aanze saa ngapi na ale saa ngapi. Jackie alikuwa mwema, ila alihudhuria semina moja hotelini na hajawahi kupona. Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye maneno "Fikiria mema, mema yatakuja", na kila asubuhi wasusi walisimama chini yake wayaseme kwa sauti. Peres aliyasema kama wengine. Kisha alirudi kwenye mawazo yake, ambayo hayakuwa mema. Akiwa anasuka vichwa vya watu wa ofisini, alimwona Nyokabi akianguka kwenye mtaro wa maji machafu. Alimwona akifukuzwa na Makau, vyombo vyake vikitupwa nje. Dawa yake iko jikoni, alijiambia kila siku, na kila siku aliichochea.

Na sasa dawa imeiva, na mgonjwa amejileta mwenyewe.

"Naolewa!" Nyokabi akasema, akijitupa kitini. "Kihara wa Kinoo, unamkumbuka? Yule wa pikipiki. Ruracio, siku ya mahari kwetu, ni keshokutwa, kanisa ni wiki mbili zijazo. Wifi yangu amenilipia hapa, ati bibi harusi asisukwe sokoni. Aki Mama Ivyne, Mungu ni nani! Nisuke wewe."

Jackie akapiga makofi. "Bibi harusi! Peres, nipe mikono yako yote miwili!"

Nyokabi akatoa picha. Nywele nyembamba ndefu mpaka kiunoni, zimevutwa zote juu zikafungwa utosini. Peres akachukua kitana, akagawa, akatazama mpaka kwenye ngozi. Nywele za mbele zilikuwa zile zile za mtoto mchanga. Zikivutwa hivyo, na uzito ule, siku kumi hazifiki kabla hazijaanza kung'oka na mizizi yake. Bibi harusi angesimama madhabahuni na paji la uso linalofika katikati ya kichwa, na kila picha ingetunzwa na wajukuu.

Msusi mkweli angesema, hii hapa haiwezi.

"Itakupendeza," Peres akasema.

Akaanzia mbele. Hakuna msusi anayeanzia mbele, na Nyokabi alilijua hilo, lakini furaha ilimziba macho. Peres akachukua nywele chache sana, akaongezea nyingi za paketi, akakaza. Alikaza kwa ufundi, kwa kidole gumba na cha shahada, mpaka ngozi ikainuka vipele vidogo. Msuko wa kwanza. Wa pili. Raha aliyoisikia ilikuwa ya kweli, nami sitaificha. Kila msuko aliufunga kama anafunga mlango wa kibanda cha Makau na Nyokabi yuko nje.

"Woi, umekaza," Nyokabi akasema, machozi yakimlengalenga.

"Vumilia, ndiyo ikae."

Wa tano. Wa sita. Nyokabi alikuwa akiongea bila kupumzika, mbuzi wangapi, sufuria ngapi, shangazi gani amekataa kuja. Peres alipofika kwenye msuko wa kumi na moja Nyokabi akasema, bila kumtazama kwenye kioo:

"Si wewe ndio ungenifunza haya mambo. Wewe mahari yako ililipwa kitambo."

Mikono ya Peres ikasimama. "Mahari gani?"

"Si ile ya Ogutu."

"Ogutu gani?"

"Si... bwana yako. Mwaura alituambia sisi wote. Alisema umepiga simu, ati Ogutu atakuja kulipa mahari yako. Makau akasema basi huyo ameolewa, harudi. Soko nzima ilifurahi."

Sasa, Mwaura alikuwa mtu mwema na mchoma nyama hodari, lakini alizaliwa Ndeiya kwa Wakikuyu, na herufi L hajawahi kukutana nayo akapita salama. Lori kwake ni rori, lala ni rara. Na mahali, tangu ajue Kiswahili, kwake ni mahari. Peres alimwambia atakuja kulipia mahali yangu. Mwaura akauchukua ujumbe huo kwa uaminifu wote, akaupeleka kibanda cha pili, hatua sita tu, na njiani msichana akaozwa.

Peres aliusikia mdomoni mwake. Ma-ha-li. Ma-ha-ri. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika mgongo wa kiti.

"Ogutu ni mtoto wa mama yangu mdogo! Nyokabi! Mumeniozesha ndugu yangu!"

Jackie akacheka, mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akacheka bila kujua anacheka nini. Hata Nyokabi akacheka, kidogo. Peres akafuta macho. Kumbe! Mwaka mzima wa nyongo, kwa ajili ya herufi moja! Hongera ile ilikuwa hongera ya kweli, ya harusi. Na yeye, mwimbaji wa kwaya, amesimama hapa anamng'oa nywele mtu asiye na kosa. Aibu ikampanda usoni. Alitaka kumkumbatia Nyokabi, aombe msamaha, alie. Mikono ilikuwa tayari imelegea.

"Mnaona?" Jackie akasema, akiielekezea kidole ile karatasi ya ukutani. "Fikiria mema!"

Pengine ni karatasi ndiyo iliyomwamsha. Peres aliitazama, akatazama kichwa kilichokuwa mbele yake, na ile tabia yake ya miaka saba ikarudi, ya kugawa na kutazama mpaka kwenye ngozi. Mwaka mzima hasira ilimwambia kila kitu ni njama. Dakika hii kicheko kinamwambia kila kitu ni bahati mbaya. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimemwuliza anajua nini hasa. Anajua kwamba Mwaura alikosea. Sawa. Makau akaamini. Sawa. Na mwisho wa mwezi Ogutu akaenda sokoni kwa miguu yake.

Akachukua kitana tena.

"Nyokabi," akasema polepole. "Ogutu alikuja pale kibandani. Alikukuta wewe. Alikuambia nini?"

Kicheko cha Nyokabi kikakatika. Kwenye kioo macho yake yalishuka yakatafuta mikono yake mapajani.

"Ni kitambo, Mama Ivyne."

"Nakumbuka siku. Ilikuwa Alhamisi kama leo. Alikuambia nini?"

Jackie akaona hali imebadilika, akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga kule ndani.

"Alisema ameleta pesa ya kiti," Nyokabi akasema, sauti imekuwa ndogo. "Alisema wewe ni dada yake, unauguza mama, unarudi."

"Ukajua."

"Nikajua hapo hapo. Nikamwambia hapa ni pangu. Makau hakuwako, na sikumwambia. Nilikuwa nimekaa hapo mlangoni wiki mbili, Mama Ivyne. Wiki mbili pekee. Unajua kule nyuma mimi nilikuwa nashinda siku tatu bila mtu? Nikanusa choo miaka minne. Nikasema acha tu, kama ni uongo si mimi nimeusema."

"Na hongera?"

Hapo Nyokabi alilia, na safari hii si kwa sababu ya nywele.

"Makau alikuwa amesimama hapo. Nilijua ukifungua mdomo nimekwisha. Nikasema hongera mbele yake, ili ionekane hata mimi nilikuwa nimeamini. Hata leo nimetaja mahari kwa sababu hiyo hiyo. Sikujua mama amefariki. Nilijua baadaye. Naapa sikujua hiyo."

Peres alimwamini. Jambo la ajabu ni kwamba aliyaamini yote, na hayakumpoza. Hasira ilikuwepo, ila sasa ilikuwa na ukubwa wake. Haikuwa tena njama ya soko zima dhidi ya mtoto wa Siaya. Ilikuwa mchoma nyama mwenye ulimi mzito, mwenye kibanda asiyeuliza mara mbili, yeye mwenyewe Peres aliyegeuka akaenda zake bila kusema neno ambalo lingemaliza kila kitu siku ile ile, na mwanamke mmoja aliyenyamaza kwa sababu amechoka kunusa choo. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa na kosa, na kosa lake lilimtosha.

Akazunguka, akasimama mbele ya kiti.

"Na mimi nikuambie yangu. Hii misuko kumi na moja ya mbele nimeisuka ya kukung'oa nywele. Nimefanya makusudi. Siku ya kanisa ungekuwa na upara mpaka hapa." Akamgusa utosini kwa ncha ya kitana.

Nyokabi akashika paji la uso kwa mikono miwili. "Wewe!"

"Mimi."

"Fungua! Mama Ivyne, fungua!"

"Nitafungua. Hata usipofanya lolote nitafungua, kwa sababu hiki kichwa kikiharibika wifi yako atauliza kilisukwa wapi, na mimi sina kiti kingine cha kupoteza. Lakini nitafungua polepole. Na mimi nikifungua, wewe utampigia Makau."

"Nimwambie nini?"

"Ukienda Kinoo nani anakaa pale mlangoni?"

Nyokabi akasita. "Nilikuwa nimemwahidi binamu yangu. Shiku."

"Shiku atakaa kule nyuma. Panafundisha."

Peres akaanza kuufungua msuko wa kwanza kwa ncha ya kitana, taratibu kama anayefungua barua ya mtu. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu. Nyokabi akatoa simu kwenye mkoba, akaitazama, akatazama kioo. Msuko wa pili ulipofunguka ndipo akapiga.

"Makau? Ni mimi... Hapana, sijasahau kadi yako ya harusi. Sikiliza. Peres hakuolewa... Hapana, hakuachwa. Hakuolewa kabisa." Akafumba macho. "Ogutu alikuwa binamu. Alileta pesa ya kiti, nikamrudisha mimi. Nilijua, Makau. Nilijua na sikukuambia... Ndiyo. Mimi."

Sauti ya Makau ilisikika mpaka kwenye dirisha. Nyokabi aliisogeza simu mbali na sikio, akaivumilia, akairudisha.

"Amesema nini?" Peres akauliza.

"Mengi. Halafu anasema, sasa Peres anataka nini?"

Peres akafuta mafuta mikononi kwa taulo, akanyoosha mkono. "Lete. Hii nitasema mwenyewe."

Akaishika simu karibu na mdomo, akasimama wima chini ya ile karatasi ya Jackie.

"Makau, habari ya siku mingi. Nataka mahali yangu, tarehe moja mwezi wa tano. Ma-ha-li. Ulimi juu. Rudia nisikie." Akasikiliza. "Asante. Na Mwaura asipewe ujumbe wowote."

Ilichukua saa sita kumaliza kichwa kile. Misuko yote kumi na moja ilifunguliwa, ngozi ikapakwa mafuta, na mbele Peres akasuka minene, myepesi, imelala badala ya kuvutwa. Haikufanana na picha. "Hii hapa haiwezi," alimwambia. "Tusuke kichwa ulicho nacho." Nyokabi hakubisha.

Jua lilikuwa linatua upande wa Kangemi Nyokabi aliposimama, akajitazama kwenye kioo kushoto na kulia. Alikuwa amependeza, hilo Peres alilikubali kama fundi. Akafika mlangoni, akasimama hapo na mkono kwenye fremu.

"Utakuja keshokutwa? Kwa ruracio?"

"Sitakuja."

Nyokabi akaitikia kwa kichwa, kama aliyejua. Bado hakuondoka.

Peres alikuwa ameshachukua ufagio. Akauegemea, akamtazama yule mwanamke aliyemkalia kiti mwaka mzima, na neno lililomkwama kooni muda wote huo likatoka.

"Hongera, Nyokabi. Hongera sana."

Nyokabi alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta kama ni tusi au ni baraka. Peres hakumsaidia. Akainama, akaendelea kufagia nywele za paketi zilizokuwa zimejaa sakafuni.